Shangazi Aliyewauliza Askari Koo Zao

Wiki iliyopita nilikuwa dukani Kisugu, hapa Kampala, nikinunua mkate, nikaambiwa kwamba shangazi amefariki katika hospitali ya Mulago. Nilirudi nyumbani bila mkate. Hakuwa shangazi yangu, alikuwa shangazi wa kukodiwa. Waganda humwita ssenga, dada wa baba anayemfunda bibi harusi mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyataja. Siku hizi dada wa baba wako Dubai, kwa hiyo watu hukodi. Marehemu alikodiwa sana, na mdomo wake haukuwa na breki. Wasomaji wangu mniwie radhi kama leo safu inacheka msibani. Yeye mwenyewe alichekesha misiba mingi.

Nilimfahamu katika kituo kimoja cha polisi, nilikokwenda kuripoti kioo cha gari langu kilichong'olewa. Nilimkuta mezani na binti aliyejifunika kitenge hadi puani. Mchumba aliyeachwa na binti huyo alikuwa amezisambaza picha zake za chumbani, na nyingine akamtumia binti mwenyewe pamoja na vitisho. Enzi hizo tulikuwa na sheria ya picha chafu iliyoandikwa kwa pupa, hata aliyepigwa picha aliweza kujikuta rumande pamoja na aliyeisambaza. Binti alilijua hilo. Sajini akanyoosha mkono. "Mama, leta simu. Lazima tuone ushahidi kwanza, tujue huyu ni mlalamikaji ao mshtakiwa." Ghafla askari wengine wanne wakapata kazi ya haraka nyuma ya meza ile ile.

Binti aliitoa simu, na alipotaka kusema neno shangazi akamfinya.

"Ngoja, afande. Wewe kika gani?" Kika ni ukoo, na Mganda akiulizwa hilo hawezi kunyamaza.

"Senene, nyabo," sajini akajibu kwa heshima.

"Ehee! Huyu pia Senene. Dada yako huyu. Sasa fungua, tazama dada yako, harafu uende ueleze wazee."

Sajini aliiweka simu mezani taratibu, akatoka nje kukohoa. Koplo mmoja kati ya wale wanne akaichukua huku akicheka. "Mimi wa Soroti, hapana Mganda. Mambo ya senene sisi hapana jua."

"Umeoa wapi?"

"Masaka, kwa Waganda."

"Mama mkwe wako kika gani?"

"Ngeye."

"Basi na huyu Ngeye. Ni mama mkwe wako! Fungua, ssebo. Mikono ikianza kutetemeka usikuje kwangu kutafuta dawa."

Waganda huamini kwamba anayemvunjia heshima mama mkwe hushikwa na tetemeko lisilopona. Koplo alisema haamini upuuzi huo, lakini simu aliirudisha. Wale wengine wakakumbuka kazi zao. Simu ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungwa kwa gundi, na kwa kuwa hakuna aliyeona lolote la kumshtaki binti, akaandikwa mlalamikaji.

Nikawafuata nje, kioo changu nimekwisha kukisahau. "Shangazi, binti ni Senene au Ngeye? Mbona amehama ukoo mbele ya macho yangu?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu? Huyu Mkongo wa Bukavu, ananisukaga nywele! Angefungua mdomo tu, wangejua."

Binti akashusha kitenge. "Aksanti, mama. Nirikuwa na woga mingi," akasema, kisha akalia, na shangazi akaacha kucheka, akamkumbatia.

Kesi ilifika mahakamani. Hakimu alisoma vitisho ambavyo yule kijana alikuwa ameviandika mwenyewe, tena kwa simu iliyosajiliwa kwa jina lake, akamfunga. Bahasha haikufunguliwa. Zile haraka zote za kuuona ushahidi hazikuwa na kazi yoyote.

Sheria ile imekwisha kufutwa, nyingine zimekuja, na mawakili watabishana mpaka wachoke. Mimi ninaona uchungu kwamba mwanamke yule hatakuwepo kuwakera. Kila ninapozungumza habari za picha hizi, msikilizaji wa kwanza huuliza kwa nini binti alikubali kupigwa picha. Marehemu hakumwuliza msusi wake swali hilo hata mara moja. Aliwauliza wanaume waliotaka kutazama wao ni nani, na kila aliyejibu aliona haya. Aibu ilikuwa yao tangu mwanzo, na sheria yoyote isiyoanza kwa kuwakabidhi aibu yao itamfunga mtu asiye na kosa.