Simbilisi wa Baba na Sauti Isiyopita Sikioni

Mdogo wangu alipokuja likizo kutoka chuoni ng'ambo, baba alikula samaki mzima, mgebuka wa ziwani. Mimi ninayempikia kila siku huniachia nusu na kusingizia miiba. Nasema mapema ili ijulikane: nilimwonea wivu yule binti tangu aliposhusha begi lake pale kwetu Rusimbi.

Baba hasikii. Alikuwa fundi wa mashine melini, na mngurumo wa injini ulimla masikio kidogo kidogo mpaka yakafa yote mawili. Tangu hapo naongea naye kwa kidole, nikimwandikia kiganjani herufi moja moja. Mdogo wangu hakuwa na habari ya kiganja. Alinunua daftari, akawa anamwandikia kwa herufi kubwa na michoro, na baba hakubanduka tena na daftari lile. Hata chooni alikwenda nalo.

Binti anasomea usikivu wa wanyama. Asubuhi moja tulikuwa bandani, simbilisi wa baba, wale wanyama wadogo wafananao na panya wanene wasio na mkia, wakipiga kelele kwa kuwa walisikia kisu changu kikikata majani. Akachora kichwa cha simbilisi. Akaandika kwamba mnyama huyu akipigwa na mawimbi ya maikrowevu, jamaa ya yale ya rada ya meli, kwa mipigo mifupi mno yenye nguvu, husikia tik, tik, ingawa chumba kiko kimya. Kila mpigo hupasha kichwa joto dogo ajabu. Nyama za ndani hutanuka ghafla, na mtikisiko wake husafiri kwenye mifupa hadi sikio la ndani.

Baba alisoma mara mbili. Kisha, kwa ile sauti yake ya chumba cha injini inayofika hadi kwa jirani, akauliza: "Kwa hiyo sauti inaingia bila kupita sikioni? Na mimi unaweza kunipiga hayo mawimbi?"

Mdogo wangu alishika kalamu, akaiweka chini. Akanieleza mimi, bila kuniangalia, kwamba kinachorukwa ni sikio la nje tu. Mtikisiko lazima ufike sikio la ndani, na hilo ndilo lililokufa kwa baba. Simbilisi aliyeharibika hapo naye hasikii kitu.

"Mwambie wewe, dada," alisema. "Mimi siwezi."

Nilifurahi. Si jambo la kujivunia, lakini nilifurahi kabisa, kwamba hatimaye kuna kitu kimemshinda. Nikachukua kiganja cha baba, nikaandika HAPANA, halafu sababu yake. Nilipofika herufi ya mwisho furaha ilikuwa imekwisha, maana vidole vyake vilikuwa vinajikunja juu ya changu.

Aliufunga mkono ule. Nikauchukua wa pili, nikamwuliza alitaka kusikia nini.

"Huyu akiwa huko hupiga simu," akasema, akimwonyesha mdogo wangu kwa kidevu. "Mnaongea, mnacheka, mimi nawatazama tu. Nilitaka nimsikie."

Kuhusu sauti yangu hakusema lolote. Alimgeukia binti, akamshika bega, akamshukuru kwa kumweleza ukweli, ingawa ulioandika ni mkono wangu.

Mimi nikaokota kisu, nikaendelea kukata majani. Simbilisi wote wakaanza kunipigia kelele.