Mnavu wa Nyuma ya Jiko

Nilipoolewa kijijini Nkwenda, mama mkwe wangu alikuwa akichuma mboga ya mnavu porini, juu ya kilima, na kurudi na kikapu kimejaa. Goti lilipomshinda, akawa anashinda barazani akikitazama kile kilima. Chakula alikigusa tu.

Siku moja nikaenda mwenyewe. Nikang'oa miche michanga pamoja na udongo wake, nikaipanda nyuma ya jiko, penye majivu.

"Mwanangu, mnavu huchumwa, haupandwi," akasema akicheka.

"Tuone, mama."

Mvua zikanyesha, mnavu ukastawi. Nikaupika kwa karanga, nikamwekea pembeni ya ndizi. Akala, akamaliza, akaomba tena.

Kesho yake nilimkuta ameketi chini katikati ya miche, anang'oa magugu kwa mkono huku akifukuza kuku. Nikawaza, huenda hata wakulima wa kwanza kabisa walianza hivi: mmoja alishindwa kutembea, mwenzake akamsogezea pori nyumbani.

"Huu wenye majani mapana usiuchume," akaniambia bila kuinua kichwa. "Tuuache utoe mbegu."

Nikauacha. Mpaka leo tunapanda mbegu zake.