Maji ya Baraka Ndani ya Chupa ya Shangazi

Siku ile hamu yangu ya kujua ilizidi huruma. Nasema wazi, maana bado inanichoma.

Kazi yangu hapa Bukavu ni swali moja: nani anaamsha jeni ndani ya seli ya kansa ya titi? Mara nyingi ni homoni ya kike. Inaingia, inashikana na kipokezi chake, halafu pamoja wanaikalia jeni na kuiambia: haya, fanya kazi! Kipokezi kikiwepo, tunatoa vidonge vya kuizuia homoni. Kisipokuwepo, vidonge ni bure. Tukitia dawa ya rangi, kipokezi kinaonekana kahawia kwenye darubini.

Shangazi yangu alikatwa kipande cha uvimbe wa titi hospitalini kule Nyangezi. Kwetu mgonjwa hubeba mwenyewe hadi maabara chupa yenye kipande chake ndani ya dawa ya kukihifadhi. Akanifikishia siku ya tatu, imefungwa ndani ya kitenge.

Nikatazama. Hakuna kahawia. Basi hakuna vidonge, na kalamu ya kuandika jibu nilikuwa nimeshaishika. Lakini pembeni mwa uvimbe palikuwa na seli za titi zenye afya, ambazo kwa kawaida hazikosi kipokezi. Nazo pia hazikuwa na kahawia! Ala! Basi kipande chenyewe kilikuwa kimeharibika. Nikatoka mbio hadi kwenye benchi alipokuwa shangazi akisali rozari.

"Shangazi, ile maji ya mu chupa, uliifanya nini?"

"Niliimwanga."

"Formole? Uliimwanga?"

"Ile iko na harufu ya morgue! Ni bantu bamekufa ndio banatiaka formole. Miye ningali muzima. Niliweka maji ya baraka, tena ya Pasaka."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mbele yake. Kisha nikamweleza kwamba bila formole kipande kinaharibika na kipokezi kinapotea, hivyo lazima akatwe tena ili tujue kama vidonge vitamsaidia.

Akajishika titi. "Tena? Apana. Weye unanitafutia dawa, ao unatafuta mambo ya kazi yako?"

Nikaona haya. "Vyote viwili, shangazi."

"Heri umesema. Lakini ile chupa utabeba weye."

Alipokatwa tena, nikaenda Nyangezi, nikaibeba chupa. Njia nzima aliziba pua kwa kitenge huku akinikaripia nisiiinamishe.

Safari hii darubini ilijaa kahawia. Nikamwita aangalie. Aliinama kwa muda mrefu.

"Ni ile ndio inanikula?"

"Ndiyo, shangazi."

"Iko muzuri, kweli," akasema, machozi yakimtoka. Halafu akanyoosha mkono: "Leta sasa ile vidonge."