Upande wa Ndani wa Kitambaa

Kwenye chumba cha kusafishia damu wagonjwa walimwita Dada Sindano, na si kwa sababu ya kuwachoma. Kila Ijumaa muuguzi huyu aliwagawia vitambaa na nyuzi, washone yale waliyoona haya kuyasema, naye akaandika kwenye faili kila mmoja anahitaji nini. Daktari mkuu alicheka mwanzoni. Baadaye akawa haanzi kazi kabla hajalisoma faili hilo.

Kisha maradhi ya kuambukiza yakaingia mjini, mikusanyiko ikapigwa marufuku. Dada Sindano hakukunja mikono: vitambaa vikapelekwa majumbani, picha zikarudi kwa simu. Kazi ikawa nzito zaidi, maana sasa mgonjwa aliruhusiwa kukaa na mtu wake kwenye mashine endapo tu Dada Sindano ameandika kwenye faili kwamba anamhitaji.

Miongoni mwa wagonjwa alikuwemo fundi cherehani mstaafu, mzee mpole, mtu wa haya kupita kiasi. Picha yake ilikuwa vurugu tupu: mafundo, nyuzi zimepishana, haina kichwa wala miguu.

"Baba, hapa umeshona nini?" alimuuliza kwa simu.

"Yote yamo humo, mwanangu. Wewe tazama tu."

Alitazama mara tatu, na wengine kumi na wanane wanamsubiri. Akaandika: "Hana hitaji maalumu." Mwezi uliofuata mzee alifia kwenye mashine, mlango umefungwa, mkewe yuko nje kwenye benchi.

Mjane ndiye aliyerudisha kitambaa, kimekunjwa vizuri kama nguo ya mteja. Dada Sindano akakikunjua, akaona upande wa nje. Kitanda, mashine, na mtu amelala, mkono ameunyoosha hadi kwenye kiti kitupu. Juu ya kiti umewekwa mtandio wa kijani, uleule aliojitanda mama huyu.

"Mbona alinitumia picha ya upande wa ndani?"

"Ndivyo alivyokuwa," mjane alisema, akatabasamu kidogo. "Akikutana na fundi mwenzake, alimwonyesha ndani kwanza. Nje, alikuwa akisema, hata mzembe ataipiga pasi ikapendeza. Wewe alikuhesabu fundi."

Wangekuwa chumba kimoja na mzee, Dada Sindano angekigeuza kitambaa kwa mkono wake, basi, yakaisha. Kwenye simu hakuwahi hata kusema: geuza, baba.

"Lakini kazi yake uliiona?" mjane aliuliza.

"Niliiona, mama."

Mama akamshika mikono yote miwili, akamshukuru, akaenda zake.