Jani la Mgomba kwenye Blanketi la Mama Furaha

Harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitenge kilichonyunyiziwa maji hunirudisha mpaka leo kwenye sebule ya Mama Ester, mjini Butembo, alasiri za Alhamisi, wakati wa vita. Akina mama saba wa kanisa letu walikaa mikekani wakiunganisha mabaki ya vitambaa kuwa blanketi moja kubwa. Upande wa chini wa blanketi waliweka magunia ya unga yaliyofuliwa mpaka maandishi yakafifia, na katikati blanketi kuukuu, maana Butembo ni mji wa baridi na maduka yalifungwa kila risasi zilipolia. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mtoto pekee aliyeruhusiwa kukaa pale, kwa kuwa mjomba wangu alikuwa fundi wa cherehani na mabaki yalitoka barazani kwake. Niliyaleta ndani ya kikapu, nikajiona mtu mkubwa sana.

Mawaidha yalikuwa mengi kuliko sindano. "Uzi yako iko murefu sana, itajifunga," Mama Ester aliniambia kila wiki. "Kata kadiri ya mukono, basi." Mmoja alitaka tushone kuanzia katikati, mwingine kuanzia pembeni, wakabishana mpaka chai ikapoa. Jambo moja tu hawakulibishania: kila mtu alikuwa na mraba wake, na hakuna aliyeruhusiwa kufumua kazi ya mwenzake, hata iwe mbaya namna gani. Mwenye mkono bora kuliko wote alikuwa jirani yetu, Mama Furaha. Mishono yake ilikuwa midogo na sawasawa, kama punje za mtama zilizopangwa na mtu asiye na haraka. Alikuwa mkimya. Mume wake alikuwa amekamatwa na askari akirudi kutoka kijiji cha Kipese na viazi, wakidai anawalisha watu wa porini, yaani waasi. Alirudi baada ya siku kumi na moja, mkono mmoja haufungiki tena, akiwa ameambiwa kwamba wakimkamata mara ya pili hatarudi.

Kwenye mraba wangu nilitaka kuweka nyumba yetu na mgomba wake. Nyumba niliipata kwenye kitenge chekundu, lakini kijani hakikuwepo. Nikakiona chini ya cherehani ya mjomba: kipande kidogo cha kijani chenye madoa ya kahawia, kama jani la mgomba lililoanza kukauka. Nilikificha mfukoni kwa furaha, nikashona nyumbani, na Alhamisi nikaupachika mraba kwenye blanketi, nikipitisha sindano mpaka kwenye gunia kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nangoja kusifiwa. Mara risasi zikalia upande wa soko, blanketi likakunjwa bila mtu kulitazama, kila mmoja akakimbilia kwake. Wiki ile ilikuwa zamu ya Mama Furaha kulihifadhi.

Siku mbili baadaye nilimkuta mjomba akitupa vipande vya kijani kama kile kwenye jiko la makaa. Nikamwuliza kwa nini anachoma vitambaa vizuri. Alitazama barabarani kwanza, kisha akainama. "Iyi njo tenue ya basoda. Banaleta niipunguze. Kama banakuta kipande kwako, banasema uko mutu ya pori. Hata kadogo kama kidole, inatosha kukuua." Alisema hivyo huku akikoroga makaa, kama mtu anayezungumzia mvua. Kumbe jani langu la mgomba lilikuwa kipande cha sare ya askari.

Sijawahi kuogopa vile, na nimeogopa mara nyingi maishani. Shuleni nilisikia jina langu likiitwa nikadhani wamekuja. Askari walikuwa wameanza kupekua nyumba, mtaa baada ya mtaa, na jani langu lilikuwa kitandani kwa mtu yule yule waliyeahidi kumwua. Ningeweza kusema. Lakini nikisema, mama ataniua kwa fimbo, na askari wakisikia watauliza kitambaa kimetoka kwa fundi gani. Kila mlango niliofikiria kuufungua ulikuwa na mtu wangu nyuma yake. Basi nikanyamaza, na nakiri kwamba ulikuwa ni woga mtupu.

Jumatatu niliiba wembe wa mjomba, nikaenda kwa Mama Furaha baada ya masomo, nikikusudia kuingia chumbani na kulikata lile jani. Nilimkuta mlangoni akichagua maharage kwenye ungo. Kabla sijafungua mdomo, mwanamke mmoja alipita mbio. "Banakuya! Bako kwa jirani!" Mama Furaha hakusimama. Alinivuta nikae. "Chagua maharage," akasema. "Hapana angalia mulango." Baba Furaha alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa.

Waliingia askari watatu. "Bintu yote inje!" Sufuria zikatoka, godoro likatoka, halafu blanketi, wakalitandaza uani kwenye matope. Mmoja akalikanyaga, akaanza kupitisha mtutu wa bunduki mraba kwa mraba, kama mwalimu anayesahihisha. Mkojo ulinitoka, ukapita kwenye sketi mpaka chini, na sikuweza kuuzuia. Mstari wa tatu, pembeni: nilijua pahali pake. Mtutu ukafika. Palikuwa na nyumba yetu nyekundu, na kando yake, mahali pa mgomba, ua kubwa la njano.

"Nani alishona iyi?"

"Ni sisi bamama ya kanisa, chef." Mikono ya Mama Furaha iliendelea kuchagua maharage bila kutikisika.

Wakaenda na redio na kuku mmoja. Baba Furaha wakamwacha.

Mama Furaha alinivua sketi aifue. Wembe ukaanguka. Aliuokota, akautazama, akanitazama. "Wembe iko ya kufumua," akasema polepole. "Lakini kufumua inakamata wakati. Tena inaacha tundu." Akauweka kwenye kikapu chake cha nyuzi, akanipa sahani ya maharage. Hatukulizungumza tena kamwe. Alihamia Beni na blanketi lile, akafia huko kwa ugonjwa, na sikuwahi kumwambia asante. Nilikua nikiamini kwamba dunia ina watu waliozaliwa bila woga, yeye mmoja wao, na wengine wanaojikojolea, nami ni kiongozi wao.

Leo mimi ni mshonaji, Butembo ile ile. Barabara imejaa pikipiki na simu zinalia mifukoni, lakini watu bado wanakimbia vita. Mwaka jana Furaha, binti wa Mama Furaha, alikimbia kutoka Beni, akanifikia na vitu viwili: mtoto mgongoni na blanketi lile kichwani. "Maua iyi inaachia," akaniambia. "Fumua tu, weka ingine." Hajui kilicho chini yake.

Nililipeleka dirishani. Ua lilikuwa limeachia upande mmoja, na kijani kilichungulia. Lakini si kijani kilichonisimamisha. Nilikuwa nikiitazama mishono ya Mama Furaha, ambayo utotoni sikuitazama. Yeye mwenye mkono bora kuliko wote alikuwa ameshona vibaya kuliko nilivyoshona mimi wa miaka tisa: mishono mirefu, imepinda, mingine imerudi juu ya mwenzake, na pahali pawili tone la damu kavu alipojidunga. Alikuwa akitetemeka. Alilishona ua lile huku akitetemeka mwili mzima, kisha akaenda mlangoni kuchagua maharage.

Nililia. Kisha nikasikia pikipiki inapunguza mwendo nje, nikaondoka dirishani na kijani kile, nikafunga mlango. "Iko kitambaa tu," Furaha akacheka. Nikakata uzi kadiri ya mkono, nikashona juu ya mishono ya mama yake bila kufumua hata mmoja, na yangu haikunyooka.