Mto Ndani ya Kinanda

Niseme mapema ili tusisumbuane: katika bonde lote la Kilombero, mtu wa kwanza kutunga muziki wa sinema ni mimi. Kama yuko aliyenitangulia, basi alifanya kimyakimya sana. Leo nimeshatungia michezo ya televisheni, filamu za mapenzi, filamu za majini na tangazo moja la sabuni ambalo wanangu wamenikataza kulitaja mbele za wageni. Lakini mkanda wa kwanza ndio ulionipa mke, kwa hiyo nauanza huo.

Shule niliiacha darasa la tano. Nota za muziki sizijui hadi leo. Nikiziona naona viluwiluwi wamenasa kwenye waya. Kinanda nilijifunza mwenyewe, kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio pale Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini. Mteja mmoja aliniletea kinanda kibovu cha betri, akahamia Mbeya, akakisahau. Nilikitengeneza, nacho kikanitengeneza mimi. Haukupita mwaka, kwaya mbili zilikuwa zinanigombania, na moja wala haikuwa ya dhehebu langu.

Ndipo wakaja watu wa kamera kutoka Dar. Hiyo ni miaka ya tisini, televisheni bado mpya huko kwao, sisi habari zake tunazipata redioni. Walikuwa wanarekodi mchezo wa mama anayevuka mto wakati wa mafuriko ili amfikishe mwanawe hospitali. Siku ya kuvuka, upepo ukaingia kwenye kinasa sauti, wakapata picha safi yenye mlio wa mtu anayepepeta mpunga. Mwongozaji akafuta sauti yote ya sehemu ile, akaanza kutafuta mtu wa kuweka muziki. Akaletwa kwangu.

"Umewahi kutunga muziki wa filamu?" akaniuliza.

"Mara nyingi tu," nikasema. Uongo huo sijautubu, maana baadaye uligeuka kuwa kweli.

Nikampigia sebene moja la nguvu. Akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, mimi nataka muziki ambao mtazamaji hatausikia."

Nilikasirika. Ni sawa na kumwagiza mpishi pilau isiyonukia. Lakini kazi niliitaka, nikaenda mtoni, nikakaa kutwa nzima kuwatazama wavushaji. Mvushaji anasimama nyuma ya mtumbwi, anachoma upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, mpaka chini, anauegemea, mtumbwi unateleza, kisha anauchomoa. Kuchoma, kuegemea, kimya. Nikarudi na hicho hicho. Kidole kimoja kikashika sauti nzito ya chini bila kuiachia, mkono wa pili ukawa upondo. Pale katikati ya mto, maji yanapozidi kina na upondo haufiki chini, nikauondoa ule mkono, sauti nzito ikabaki peke yake. Mwongozaji alisikiliza mara moja, akawasha sigara. Kwa watu wa Dar huko ndiko kusifiwa.

Mchezo ukaonyeshwa kwenye televisheni. Ifakara mawimbi hayafiki. Nikawa maarufu mahali ambapo sipo.

Nami wakati huo nilikuwa na jambo zito: nilitaka kuoa. Binti alikuwa amekubali. Baba yake hakukubali. Alikuwa mvuvi wa Kindamba, mzee aliyevusha watu mtoni miaka mingi mpaka magoti yakamgomea. Alimwambia mshenga wangu, "Mvuvi nitaona samaki. Mkulima nitaona mpunga. Huyu nitaona nini? Aje anionyeshe hiyo kazi. Nisipoiona, asikanyage tena hapa." Na akiba alikuwa nayo: kijana mmoja wa Chita ambaye shamba lake unaliona hata ukiwa ndani ya treni.

Mshenga wangu alikuwa mwenye banda la video, kwa sababu sikumjua mtu mwingine anayeweza kuongea bila kuchoka. Mwongozaji akanitumia nakala ya mkanda. Jumapili baada ya ibada tukawasha jenereta, mzee tukamkalisha benchi la mbele.

Nilisimama kando ya deki, nikamtazama yeye, si picha. Mama alipoingia mtumbwini, mzee akaacha kutafuna karanga. Bega lake la kulia likaanza kwenda, linachoma, linaegemea. Upondo ulipokosa chini, akashika goti. Mama alipofika ng'ambo, mzee alivua kofia akajifutia uso.

Nikamwendea kifua mbele. "Shikamoo baba. Kazi yangu umeionaje?"

"Marahaba. Kazi gani?"

"Muziki."

"Muziki upi? Mimi hapa sikusikia muziki."

"Pale mtoni, baba."

"Pale nilisikia mto. Mto naujua, kijana. Usinidanganye na mto."

Banda zima likacheka. Mshenga naye akacheka, mtu niliyemnunulia viatu vya kwenda posa. Mwongozaji alikuwa amepata alichokitaka, na mimi ndiye niliyekuwa nakosa mke kwa sababu yake.

"Rudisha mkanda," nikamwambia mshenga. "Ukifika mtoni, funga sauti kabisa."

Akarudisha. Mama yuleyule, mtumbwi uleule, sauti hakuna. Hata dakika haikuisha, watu wakaanza.

"Ule si mtumbwi wa shemeji yako?"

"Ndio wenyewe, tazama ulivyozibwa kwa lami."

"Na kitenge kipya vile, huyo kweli anauguliwa?"

Mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyeegemea fimbo mlangoni akauliza kwa nini mama hasubiri maji yapungue. Mtoto yuko mahututi, wao wanakagua kitenge.

Mzee hakucheka. Alikunja uso, akanigeukia. "Mto umekwenda wapi?"

"Ninao mimi, baba," nikasema, nikampa ishara mshenga. Akafungua sauti.

Wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Bega la mzee likaanza tena. Safari hii aliliona mwenyewe, akalikamata kwa mkono wa pili kama anayekamata mwizi.

Mkanda ulipoisha mzee alivaa kofia yake. Kisha akamwita mshenga, si mimi.

"Huyu kijana amenitoa machozi mbele za watu, na mimi sijafiwa. Mwambie namtoza faini. Beberu mmoja, mweusi."

"Mzee, si umsamehe tu?"

"Na wewe utaleta jogoo, kwa kucheka."

Akachukua mkongojo wake akaondoka. Mimi nikabaki nimenywea. Kazi nimeionyesha, nimeambulia faini.

Mshenga akanitazama kwa huruma. "Masikio yako yanajua kinanda tu. Tangu lini mtu akamtoza faini mwanaume asiyemtaka? Asiyetakiwa anaambiwa kwaheri. Faini anatozwa mkwe."

Siku ya mnada nilifika kabla ya mbuzi wenyewe. Nikachagua beberu mkubwa, mweusi kama sufuria la msibani, nikampitisha katikati ya Viwanja Sitini taratibu, kwa njia ndefu. Kila aliyeuliza nilimjibu ni wa baba mkwe.