Mama Alizinduka na Lafudhi ya Boston

Mama yangu alipata kiharusi akiwa anamenya viazi. Alipozinduka hospitali, alikuwa anaongea kama mtu wa Boston.

Mama yangu hajawahi kufika Boston.

Yaani, ndivyo nilivyokuwa najua.

Naitwa Twyla Pruitt. Nimekulia Tallow Creek, Alabama, naendesha basi la shule, na nikifungua mdomo tu unajua nimetokea wapi. Sisi maneno tunayavuta. Hatuna haraka nayo. Na mama, Nadine Pruitt, alikuwa anayavuta kuliko wote. Kanisani walimpa kazi ya kupokea simu kwa sababu ya ile sauti. Kuna wazee walikuwa wanapiga bila shida yoyote, wanataka tu kumsikia akisema, "Mungu akubariki, mpenzi wangu."

Sasa siku ile kitandani aliniangalia kwa jicho moja, lingine limelegea, akasema, "Twyla, gari langu nani kaliacha nje?"

Mkato mkato. Haraka. Na ile r ya "gari" hata haikutoka, aliimeza.

"Mama, mbona unaongea hivyo?"

"Naongeaje?"

Hapo akajisikia mwenyewe. Nikauona uso wake ukibadilika. Akafumba mdomo na hakusema tena mpaka jioni.

Aisee, ule uso ndio ulionitia mashaka. Mtu akishangaa namjua anavyokuwa. Mama hakushangaa. Mama aliogopa, kama mtu aliyeshikwa mkono ukiwa ndani ya mfuko wa mwenzake.

Daktari akanituliza. Akasema kuna ugonjwa wa nadra, ubongo ukiumia matamshi yanavurugika, basi wanaosikiliza wanadhani mgonjwa amepata lafudhi ya nchi nyingine. Unatokea, haumuui mtu.

Nikapumua.

Kisha akaja shangazi yangu Ouida, dada wa marehemu baba, na bakuli la bamia za kukaanga. Mama akamsalimia. Shangazi akaweka bakuli chini, akatoka nje bila kujibu.

Nikamfuata.

"Yule si Nadine," akasema.

"Shangazi, ni ubongo. Daktari kaeleza."

"Wifi yangu mimi namjua. Yule ni mtu wa Kaskazini kavaa gauni la kulalia la Nadine."

Usimcheke. Kwetu huku Kusini mwa Marekani lafudhi ya Kaskazini, kama hiyo ya Boston, ni sauti ya mtu aliyekuja kukwambia unakosea. Na wao wakitusikia sisi, wanatupunguzia nusu ya akili papo hapo. Nilishawahi kupiga simu duka moja la vipuri huko kwao, namweleza mtu kifaa cha breki kwa jina lake na namba yake. Akaniuliza kwa upole kama kuna mtu mwingine hapo anayeweza kueleza vizuri. Basi na sisi tukiwasikia, tunashika pochi zetu.

Lakini huyu alikuwa mama.

Mambo yaliharibika alipoingia nesi mmoja wa mkataba, Sheila Tierney. Alikuwa anabadilisha dripu, na mama akajisahau, akaanza kulalamikia chai ya barafu, kwamba kuna mtu kamwaga ghala zima la sukari humo ndani.

Chai ile ile aliyokuwa anatutengenezea maisha yetu yote.

Sheila akasimama na dripu mkononi. "Bibi, wewe ni wa Dorchester?"

Mama akafumba macho. Akajifanya amelala.

Ukumbini nesi akaninong'oneza. "Dorchester ni mtaa wa Boston, mimi nimezaliwa pale. Sikiliza, dada. Kiharusi kinaweza kuuvuruga ulimi wa mtu. Hakiwezi kumpa mtaa."

"Unataka kusema nini?"

"Mama yako hajavurugika hata kidogo. Anaongea kama bibi yangu mzaa mama."

Nikarudi chumbani. Mama alikuwa bado "amelala". Kope zinacheza.

Nikajisemea, Twyla, hapa kuna kitu.

Tulirudi nyumbani, na nikaanza kumchunguza mama yangu mzazi. Ni jambo la aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nampikia huku namtega.

"Mama, ile shule yako ya Georgia ilikuwa inaitwaje vile?"

"Nimesahau. Nina kiharusi."

Akili yake ilikuwa nzima, alikuwa anakumbuka hadi bei ya nyama ya mwaka nilioolewa. Shule tu ndiyo kiharusi kiliichukua.

Hapo nikaanza kuunganisha. Mama alituambia kwao Georgia walikufa wote kwa moto. Sawa. Lakini sijawahi kuona mjomba, binamu, wala kaburi. Hakuna hata picha moja ya utotoni. Nimekua na hilo pengo mbele ya macho na sijawahi kuuliza, kwa sababu nani anamuuliza mama yake kama kweli alikuwa mtoto?

Simu ikilia, hapokei. Gari likisimama nje, anachungulia pembeni ya pazia.

Nikampeleka dukani nikidhani atachangamka. Keshia aliyemuuzia mboga miaka na miaka akamsikia akiomba mfuko, akamwangalia juu mpaka chini. "Mama, wewe wa wapi?"

"Wa hapa."

"Mh," akasema keshia. Basi.

Mama aliacha nyanya palepale kwenye kaunta, akatoka.

Ndani ya gari sikuvumilia. "Mama, uliua mtu?"

Akageuza uso dirishani. "Endesha, Twyla."

Hakukataa. Mnaona? Mtu hakukataa.

Nilipofika nyumbani nilisimama mbele ya kioo nikaikagua pua yangu, nikilinganisha na ya kwake. Nilikuwa nimefika huko.

Jumapili baada ya ibada shangazi Ouida akaja. Safari hii hakubeba chakula. Alimkuta mama kibarazani, akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Nadine, mimi nimechoka. Watu wanasema kanisani. Nataka unijibu kitu kimoja. Kaka yangu Hollis alioa nani?"

"Shangazi, taratibu," nikasema.

"Wewe nyamaza, mwanangu. Na wewe unataka kujua."

Kweli nilitaka.

Mama akasema, kwa ile sauti ngeni, "Alioa Noreen Geary. Wa Dorchester."

Shangazi akajiegemeza nyuma. Mimi nikakaa kwenye ngazi.

Akatusimulia. Aliolewa kule akiwa binti mdogo, na mwanaume mwenye ngumi nyepesi na marafiki wengi. Kila alikokimbilia, alirudishwa. Mara ya mwisho alirudishwa na ndugu zake mwenyewe, na usiku ule akavunjwa taya. Lilipopona akapanda basi la kwenda Kusini na mzigo mmoja. Akashuka pale nauli ilipoishia.

"Mzigo gani?" nikauliza.

Mama akanitazama. "Wewe. Ulikuwa hata hujaota jino."

Sina cha kuwaambia kuhusu hiyo dakika. Nilisikia mbwa wa jirani anabweka, nikawa nahesabu anabweka mara ngapi.

Baba yangu, yaani Hollis aliyenilea, alikuwa fundi wa mabasi pale stendi. Mama, wakati huo msichana tu, akamwomba maji ya kuchanganyia maziwa ya mtoto. Alipofungua mdomo tu, Hollis akaangaza kulia na kushoto.

"Dada, unamkimbia mtu?"

Akamvutia mtoto kifuani.

"Kwa sababu mdomo huo watakupata nao. Hapa kila utakayemsalimia atakukumbuka mpaka uzeeni."

Baba ndiye aliyemfundisha. Jikoni, neno kwa neno, mlango umefungwa. Vuta hapa. Legeza pale. Usiseme "hapana", zunguka kwanza. Msichana alilia, alicheka, alikosea, akarudia. Walipokuja kutoka mle ndani, alikuwa Nadine wa Georgia, mjane mwenye mtoto, na Hollis akamwoa hadharani.

"Na huyo mtu hakukutafuta?" nikauliza.

"Alimtuma mpelelezi."

Wakati huo mama alikuwa anahudumu mgahawani, karibu na mahakama ya mji. Mwanaume wa suti ya kijivu akaingia na picha mkononi, anauliza kuhusu mwanamke wa Boston mwenye mtoto mchanga. Kwenye picha mwanamke alikuwa mwembamba, nywele nyekundu mpaka mgongoni. Mama alishazikata na kuzipaka rangi, lakini uso ni uso. Alikuwa amesimama hapo hapo, anammiminia kahawa.

"Niliendelea kumimina," mama akasema. "Nikafungua mdomo. Nikamwambia, wa Boston, baba yangu? Hapa kwetu hata wa Birmingham tunawaona kwa bahati, Mungu akubariki. Ukipata nafasi jaribu pai ya pichi, leo imetoka vizuri."

"Akasemaje?"

"Akatabasamu. Lile tabasamu la kumpa mtoto. Kisha akaanza kuniongelesha polepole kwa sauti kubwa, kama mimi kiziwi. Akairudisha picha mfukoni. Hata hakunisogezea niitazame, Twyla. Aliona haina maana kumwonyesha mtu kama mimi. Alinisikia, basi akaacha kuniangalia."



Shangazi Ouida akanyanyua kichwa. "Suti ya kijivu," akasema polepole. "Mwenye kikohozi."

Mama akageuka.

"Nilikuwa kaunta siku ile. Aliniuliza na mimi nje. Nikamwambia hakuna mwanamke mgeni aliyepita hapa. Kisha nikamwambia kuna mmoja nilisikia kaelekea Mississippi."

"Shangazi, kwa nini?"

"Sikuwa najua kitu. Nilimdanganya kwa sababu ya anavyoongea tu." Akajifuta mdomo na leso. "Alivyosema 'habari za mchana' nikajisikia amenitukana. Nikaona bora akapotelee Mississippi huko."

Mama akaanza kucheka. Upande mmoja wa uso ukacheka, mwingine ukabaki. Nilidhani na shangazi atacheka. Alikuwa analia.

"Wifi, nimekukosea?" mama akauliza.

"Hujui Hollis alikufundisha sauti ya nani?"

Mama akatikisa kichwa.

"Hollis alikuwa anajua mwanamke mmoja tu. Alikufundisha uongee kama mama yetu. Siku ya kwanza alipokuleta nyumbani, ukasema habari yako, wifi yangu, nikaangusha sahani. Mama alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Nimekuja hapa kila wiki maisha yangu yote, mnadhani nafuata kahawa?"

Akamshika mama goti.

"Niambie neno moja tu. Kama zamani."

Mama akajaribu. Akaweka mdomo sawa, akavuta pumzi. Ilitoka Boston. Akajaribu tena, ikatoka Boston.

"Imeondoka, wifi. Naisikia kichwani ila sifiki."

Shangazi akainama, akajifuta macho na leso. Kisha akasimama, akajinyoosha sketi. "Haya. Bado unajua kupika bamia au na hizo zimeondoka?"

Baadaye nilimuuliza mama kama yule mwanaume yuko hai. Akasema alishakufa, nikiwa bado nasoma. Hollis alikuwa anasafiri mji wa pili kupiga simu kuulizia, mpaka siku alipopata hizo habari.

"Sasa mbona hukurudi kwenye sauti yako?"

"Ipi?" akasema. "Nilishakuzaa mara ya pili kwa ile aliyonifundisha Hollis."

Nikamuuliza pia kuhusu hofu yote ile, pazia, simu, wakati mtu mwenyewe ameshaoza. Akasema hofu haisomi matangazo ya vifo.

Jumapili iliyofuata alitaka kwenda kanisani. Wakati wa kusalimiana akasimama, akawaambia Amani iwe nanyi kwa ile lafudhi kavu kabisa ya Dorchester. Vichwa vikageuka safu nzima. Keshia wa dukani alikuwepo, kakunja midomo.

Shangazi Ouida akasimama pembeni yake, akamshika mkono.

"Huyu ni wifi yangu," akasema. "Mwenye swali, nitakuwa pale nje karibu na gari."

Hakuna aliyetoka kuuliza.

Niliyojifunza ni haya. Tunasikia sentensi moja ya mtu, tunampa akili, roho na ukoo, kisha tunafunga faili. Mpelelezi alikuwa na macho mazima na picha mfukoni, akashindwa na masikio yake. Shangazi yangu alimkosea mgeni kwa chuki tupu, na chuki hiyo ikaniokoa mimi, jambo ambalo mpaka leo sijui nimshukuruje Mungu kwalo.

Siku hizi mtoto mpya akipanda basi langu na lafudhi ya mbali, na wenzake wakaanza kumwigiza, huwa nasimamisha basi kabisa. Nawaambia wamwache. Hamjui huyo mama yake amemtoa wapi.